Shamba la Njaa

Mtu akiniuliza kama kazi ya kituo cha utafiti wa kahawa ilikuwa nzuri, namjibu kwamba ilikuwa nzuri mpaka uanze kuuliza ni ya nini. Mimi Khamisi, seremala, mtoto wa Moshi mjini, nilipanda huko mlimani miaka michache kabla ya vita vya Hitla, nikawa natengeneza vichanja vya kuanikia kahawa. Hatukutukanwa. Hilo lisemwe kwanza, maana wenzetu waliotoka kwenye mashamba ya walowezi walikuwa wakiamka na matusi na kulala na matusi, na walipofika kwetu walishangaa kuitwa kwa majina yao. Saa nne kengele ililia, tukapewa chai ya maziwa. Na siku za kuonja, harufu ya kahawa iliyokaangwa ilitoka chumba cha waonjaji ikatufuata mpaka karakana, ukasahau kilichokuudhi asubuhi.

Kilichotuudhi ni kutojua. Utaambiwa ung'oe mti wenye afya, uuoshe mizizi taratibu kama unaosha mtoto mchanga, kisha Bwana, yule Mzungu mkuu wa kituo, aje autazame, aseme "vizuri", aende zake. Vizuri nini? Hakusema. Tulimwita Bwana Mizani kwa kuwa alipima kila kitu: matunda, majani, udongo, hata mvua iliyonyesha. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuwa na haraka, na mtu asiye na haraka huwachosha wenzake.

Lakini hakuna kilichochukiwa pale kama Shamba la Njaa. Jina hilo tulilipa sisi. Kwa Bwana lilikuwa na namba tu. Kulikuwa na vipande kadhaa vya kahawa, vyote vimepandwa pamoja kwenye udongo uleule. Kimoja kilitiwa samadi, kingine kilifunikwa majani ya migomba, kingine kilipewa vyote viwili. Na kimoja, kilichokuwa kando ya njia ya kwenda kanisani, hakikupewa kitu. Kilipaliliwa basi. Miaka ikipita Bwana angelinganisha mavuno, ajue samadi inaongeza nini hasa.

Kwa akili nilielewa. Lakini ungeiona ile miti: myembamba, majani ya njano, matunda machache yaliyojikunyata. Na huku ni Kibosho, mahali ambapo mtu hubeba mavi ya ng'ombe kutoka zizini mpaka kwenye migomba ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kabla hajaweka kitu tumboni. Mchagga apite mbele ya kahawa yenye njaa asitie neno? Haijapata kutokea. Wengine walisonya, wengine walisimama wakatikisa vichwa kama wako msibani.

Mtunzaji wa kipande hicho alikuwa rafiki yangu Rogath. Bwana Mizani alimchagua kwa sababu alimwamini. Vipande vingine ungempa yeyote mwenye nguvu. Kile kilitaka mtu ambaye akiambiwa "usiilishe" hatailisha, hata roho ikimuuma. Rogath aliahidi. Ilikuwa heshima kubwa, lakini heshima ya ndani ya ua. Nje ya ua watu waliona kahawa mbovu, na Rogath amesimama katikati yake na jembe mkononi.

Na Rogath alitaka kuoa. Alimtaka Salvina, binti wa Mzee Thadeus, msichana mwenye sauti ya juu na kicheko cha karibu, naye Salvina alimtaka yeye. Tatizo ni kwamba Mzee Thadeus alipita njia ile kila Jumapili akienda misa, na kila Jumapili alisimama pale penye ua akatazama.

Tulipeleka mbege hata hivyo, ile pombe ya ndizi ya kuposea. Alikuwepo mjomba wake Rogath, Mzee Primus, ndiye msemaji, na mimi nikafuata kama rafiki, ingawa pombe siinywi. Kwao mzee akipokea kata akanywa, mazungumzo yameanza. Asipokunywa, mnarudi mlikotoka. Mzee Thadeus alitupokea vizuri, akatukalisha, akauliza habari za ng'ombe. Mzee Primus akampa kata kwa mikono miwili. Akaipokea, akainusa, akaiweka chini.

"Mbege yenu ni nzuri, harufu yake naisikia," alisema. "Lakini koo langu leo halitaki." Kisha akamgeukia Rogath. "Kijana, ile kahawa ya pale njiani ni yako?"

"Ni ya kituo, baba. Mimi naitunza."

"Unaitunza?"

"Ni majaribio, baba. Wanataka kujua mti usipolishwa utakuwaje."

"Kwani hawajui? Wangeniuliza mimi. Njaa haijaribiwi, kijana. Njaa sisi tunaijua." Akanyanyuka. "Mtu anayeitunza kahawa vile, mke atamtunzaje? Nawatakia safari njema."

Tulirudi na mtungi wetu umejaa. Njiani mimi nilikuwa nimefura kwa hasira. Nilimwambia Rogath, "Wewe mwehu? Tia debe moja la samadi usiku, nani atajua? Miti ikinawiri kidogo tu, mzee atakunywa mbege mpaka alambe mwiko."

"Nimeahidi," alisema.

"Umemwahidi nani? Mzungu! Yeye ana mke wake, anakunywa naye chai barazani."

"Nimeahidi, Khamisi."

Nilimpa kisogo, sikusema naye mpaka kesho yake. Kuna watu ukiwapenda wanakukata maini.

Basi ikaja masika, na baada ya masika tukaona ajabu. Shamba la Njaa lilianza kushika rangi. Majani ya chini yakawa kijani, matawi yakatoa vichipukizi. Udongo penye mashina ulionekana umefukuliwa hapa na pale. Nikasema ni fuko, na Rogath akakubali upesi, kwa sababu alitaka iwe fuko. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuitazama usoni. Ukafika wakati wa kuchuma, matawi yakawa yamebeba. Jumapili moja Mzee Thadeus alisimama penye ua, akatazama kwa muda mrefu, akaondoka bila kusonya. Haukupita muda akaleta neno kwa Mzee Primus: wale vijana warudi na mbege, koo limepona.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini siku hizohizo Bwana Mizani alipima mavuno, akapima tena, akavua miwani akaifuta. Kipande kisicholishwa kilikuwa kinakaribia kile cha samadi. Alitukusanya, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba pengine udongo wa mlima huu una nguvu kuliko tulivyodhani. Kwenye baraza la wakulima atawaambia wapunguze taabu ya kubeba samadi.

Nilimwona Rogath uso umembadilika. Akili ya ukulima alikuwa nayo. Alijua kuna mkono wa mtu pale, na alijua wakulima wakisikiliza maneno yale itakuwaje kwa mashamba yao. Kesho yake alitoka kwao kungali giza, akajificha nyuma ya mgomba. Alfajiri akaja mtu na kikapu kichwani, akapenya ua, akapiga magoti, akaanza kufukua. Alikuwa Salvina. Yaliyosemwa pale nilisimuliwa na Rogath mwenyewe.

"Tangu lini?" alimwuliza.

"Tangu baba aliporudisha mbege yako. Ulifikiri nitakaa tu nitazame? Nimebeba samadi ya ng'ombe wa baba, nikaizika kidogokidogo ili Mzungu asiione. Mgongo unaniuma, na wewe hata asante husemi!"

"Salvina, itabidi niseme."

"Useme nini? Baba amekubali. Mbege inapikwa kwenu!"

"Bwana atawaambia watu waache samadi. Watamsikiliza. Na baba yako naye atasikiliza."

"Baba hamsikilizi mtu." Alikuwa ameanza kulia. "Ukisema, shamba litarudi kuwa jangwa, na mimi nitarudi kuwa binti wa nyumbani mpaka nizeeke. Chagua."

Sikuwepo alfajiri ile, lakini aliposema kwa Bwana nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa natengeneza dirisha la ofisi yake. Rogath aliingia, akasimama wima, akasema, "Bwana, lile shamba limelishwa. Mizani yako imedanganywa."

Bwana Mizani aliweka kalamu yake mezani. Miaka yote ile ya kungoja ilikuwa imemwagika kama maziwa. "Nani?" akauliza.

"Shamba niliachiwa mimi, Bwana."

"Nimeuliza nani."

"Nami nimekujibu, Bwana."

Wakatazamana. Mwishowe Bwana akasema, "Chimbua samadi yote inayoweza kutoka. Tunaanza upya. Mtunzaji ni wewe." Nikaona ni adhabu kali, na moyoni nikamtukana. Rogath akasema ndiyo, akatoka.

Akaanza kuchimbua. Majani yakaanza kunyong'onyea, na habari zikatambaa mlimani: Rogath wa kituoni alikuwa na kahawa iliyonona, na sasa anainyang'anya chakula kwa jembe. Mzee Thadeus hakuleta neno lolote. Mbege ya kina Rogath ikachachuka, wakaigawa kwa majirani. Salvina alipita njiani kana kwamba hamjui. Rafiki yangu alikonda. Nilimletea chapati kutoka kwa mama yangu mjini, akala nusu, akarudi kuchimba.

Ikafika siku ya kupeleka kahawa kwenye ghala la chama cha wakulima. Siku hiyo njia yote hujaa watu: wanaume na magunia, wanawake na vikapu, watoto wakikimbizana. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia Rogath, maana nilichoka kumwona peke yake. Tukasikia vicheko vya watu wakipita, na hodari wa maneno mmoja akauliza kama tunazika mtu. Nilitaka kumjibu. Rogath akanishika mkono.

Kisha akapita Mzee Thadeus, gunia kichwani, na Salvina nyuma yake na kikapu cha kahawa. Mzee alitazama mbele. Salvina alifika usawa wetu, akapunguza mwendo, akasimama. Akatua kikapu chake katikati ya njia. Akainua kanga yake kidogo, akapenya ua palepale alipozoea kupenya, akapiga magoti kwenye shina la mti, akaanza kufukua kwa mikono.

Mwanamke mmoja akacheka, kisha akaacha. Watu wote walielewa, kwa sababu alikuwa hatafuti. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja mahali samadi ilipo.

"Salvina!" baba yake aliita. "Unafanya nini humo?"

"Natoa nilichoweka, baba."

Mzee Thadeus alisimama. Akatua gunia lake polepole, akaja mpaka penye ua. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Rogath.

"Shikamoo, baba," Rogath alisema.

"Marahaba. Ulijua ni huyu?"

"Nilijua."

"Mzungu alipokuuliza, ulimtaja?"

"Hapana, baba."

"Na ulimwambia Mzungu kwamba kahawa hii hutailisha."

"Ndiyo."

"Ukaacha kuilisha. Hata siku ile nilipoiweka kata yako chini."

"Hata siku ile."

Mzee alitazama ile miti, mmoja baada ya mwingine, majani yaliyoanza kuwa na umanjano pembeni. Midomo ilimcheza. Nilidhani atatukana. "Mimi nisingeweza," alisema. "Ningeilisha siku ya kwanza." Nyuma yake watu walikuwa wamesimama na mizigo yao. Salvina naye alikuwa ameacha kuchimba, mikono yote miwili imejaa udongo na samadi.

"Basi niahidi na mimi," Mzee Thadeus alisema. "Mwanangu utamlisha?"

Rogath aliweka jembe chini. Akasema, "Nitamlisha, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja. Akarudi njiani, akajitwisha gunia lake, akainua na kikapu cha binti yake akakiweka kwapani. Akaendelea kwenda ghalani, bila kumwita Salvina amfuate.