Peke Yangu, Kasema Curtis

Noreen Pawluk alikuwa ameshazipanga ngoma zake kwenye kona ya duka la santuri. Ilikuwa Jumamosi mchana, mjini Hamilton, theluji inayeyuka mlangoni, na watu kama arobaini walisimama na vikombe vya kahawa wakisubiri albamu ya kwanza ya Curtis Haddow akiwa nje ya bendi. Kwa miaka kumi na mmoja Curtis alikuwa mwimbaji na mpiga gita wa bendi hiyo, Masizi, na Noreen mpiga ngoma wao. Curtis alimwomba aje ampigie siku hiyo, naye akaja, maana kuitwa na Curtis alikuwa amekuzoea.

Jalada liliandikwa *Peke Yangu*. Chini yake, kwa herufi ndogo: kila ala imepigwa na Curtis, ndani ya kibanda msituni.

"Kibanda gani?" Noreen alimnong'oneza. "Wewe panya akikatiza tu unapanda juu ya meza."

"Biashara hiyo, dada. Usinichomee."

Mwenye duka akashusha sindano. Nyimbo tatu zikapita. Katika wa nne Noreen akasikia kwii, kwii. Hiyo ilikuwa pedali ya ngoma yake kubwa, ambayo hakuwahi kuitia mafuta. Msitu wapi! Hicho kilikuwa chumba cha chini nyumbani kwa mama yake, walikofanyia mazoezi, maikrofoni moja ikining'inia kwenye bomba na kunasa kila kitu, hata mngurumo wa tanuri la kupashia nyumba joto.

Kanda zile za mazoezi, alizokuwa akizitunza Curtis! Baada ya kumzika mama yake alimpigia Curtis magoti ampe hata moja, kwa kuwa hakuwa na sauti ya mama popote, hata kwenye simu. Curtis akasema bomba limepasuka, kanda zote zimeloa. Tena alilia. Mwongo yule alilia machozi!

Wimbo ukaisha, gita likabaki linavuma, na sauti ya mama, iliyonaswa na maikrofoni ile, ikaita kutoka juu ya ngazi:

"Pandeni, pyrohy zinapoa! Na wewe Curtis, hayo mabuti usinipandie nayo!"

Watu wakacheka kwa furaha. Noreen hakucheka. Mama hakuwahi kuita watu kula, iwe hizo pyrohy zake, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, au chochote kingine, bila kuanza na jina la mwanawe. Jina hilo lilikuwa limekatwa.

"Nani huyo jamani?" akauliza dada mmoja.

"Mama yangu," akasema Curtis, mkono kifuani. "Mungu amrehemu."

Mama yake Curtis yuko Florida, mzima wa afya, anacheza karata.

Noreen akautazama mdomo ule uliokula kwao miaka yote, akaona kinyaa kama aliyekuta mende chini ya bakuli la supu aliyokwisha kuimaliza. Akaweka chini fimbo zake za kupigia ngoma.

"Mama yako gani? Huyo ni Stefania Pawluk, mama yangu mimi! Kakulisha, kakufulia, leo unamfanya marehemu wako? Kweli shukrani ya punda ni mateke. Huna haya hata ya kuazima?"

Mwenye duka akainua sindano.

"Noreen, tuongee nje basi..."

"Hapa hapa. Kanda iko wapi?"

Curtis akainamia mabuti yake. "Nilinakili vipande nilivyovihitaji. Zile kanda zilikuwa zinajaza kabati tu. Nikazitupa."

"Zote?"

"Zote."

Noreen akafungasha ngoma zake, moja moja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mlangoni akageuka, akachukua santuri moja juu ya rundo, akatoka nayo bila kuuliza bei.

Iko sebuleni kwake mpaka leo. Jalada alilitupa, hakuweza kulitazama. Akitaka kumsikia mama, huteremsha sindano karibu kabisa na mwisho wa wimbo wa nne, lakini afanye afanyavyo, gita la Curtis linavuma chini ya sauti ile. Na jina halimo. Basi hulitamka mwenyewe, kwa nguvu, kabla sindano haijagusa: "Noreen!" Halafu humwachia mama amalizie.