Maktaba za Morris

Jentrix alikuwa ameingoja siku hii tangu Morris alipompelekea Mama Waithira, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga mtaani Kongo, saiti ya mtandaoni waliyoijenga pamoja, akasema ni yake peke yake. Hakumtukana. Alirudi zake mtaani kwake Kisumu Ndogo, akawa anaifungua saiti hiyo kwa simu kila asubuhi kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.

Ilikuwa saiti ya vyumba vya kukodi. Mtu anagusa jina la ploti, na vyumba vilivyo wazi vinatokea hapo hapo bila ukurasa wote kuanza upya. Hiyo ndiyo kazi ya Ajax. Jentrix alitaka watumie Ajax iliyokuja na fremuwaki yenyewe, ule msingi waliojengea saiti: nyepesi, haina madoido. Morris alitaka maktaba za JavaScript za pembeni, vifurushi vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, picha ziteleze, rangi zicheze. Walibishana mpaka Morris akakubali. Lakini alipobaki peke yake alizipakia maktaba zake zote, na kila moja ikawa inavutwa mtandaoni kivyake.

Jentrix aliona. Aliona pia kwamba Morris anaijaribia kwenye waifai ya kasi ya saiba, duka la intaneti, tu. Angeweza kumwambia. Badala yake alimpigia Mama Waithira, aliyewahi kuwa landledi wake, akamshauri kwa upole kwamba saiti izinduliwe pale pale kwenye ploti, wapangaji wakitumia bando za simu zao.

Siku ya uzinduzi alisimama karibu na kamba za nguo. Wapangaji wakagusa simu. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka.

“Boss, hii inachemsha githeri ya mahindi makavu?” mmoja akauliza, na ploti yote ikacheka.

Morris alimjongelea Jentrix, jasho likimtoka, akamwomba polepole amsaidie kuirudisha ile saiti ya kwanza, ya kabla ya maktaba.

“Ile ya nani?”

“Jenty, watu wanaskia.”

“Ndio nataka waskie.”

Morris akamgeukia Mama Waithira, macho chini, akakiri kwamba ile iliyokuwa ikifanya kazi iliandikwa na Jentrix, yeye ameiharibu tu. Mama Waithira akamuuliza Jentrix kama ataichukua kazi. Akasema ataichukua.

“Lakini maktaba azitoe mwenyewe. Hapa hapa.”

Morris akakalia mtungi uliopinduliwa, laptopu mapajani, akaanza kufuta. Jentrix akasimama nyuma yake, hana haraka. Ilipobaki ile ya kutelezesha picha, kidole cha Morris kikasita.

“Hata hiyo,” Jentrix akasema.