Mkono wa Kuazima

Mifuko ya jezi ilishushwa asubuhi na kurundikwa mlangoni mwa chumba cha dobi, na jasho la wachezaji wa nchi nane likaenea chumba kizima. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya hoteli na hakikuwa na dirisha. Mvuke ulipanda mpaka darini, ukarudi matone, ukawadondokea shingoni wanawake waliokuwa wakifua. Aliyesimama kwenye pasi siku hiyo alikuwa mwanamke mrefu, bega lake la kulia limejaa kuliko la kushoto. Wenzake walimwita Kombeo. Jina hilo hakulipata kwenye kufua.

Alilipata uwanjani. Kwa miaka mingi alikuwa mrushaji wa timu ya taifa ya softiboli. Aliuzungusha mkono mzima kutoka begani, akauachia mpira chini ya kiuno, na mpira ukamfikia mpigaji kabla hajaamua la kufanya na gongo lake. Kisha yakatangazwa mashindano ya kimataifa, tena hapa hapa nyumbani, na Kombeo akaletewa ujumbe kwenye simu kwamba timu inahitaji damu changa. Jezi yake ikachukuliwa. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Damu changa yenyewe ilikuwa mpwa wa Mwenyekiti wa chama cha softiboli, binti aliyeitwa Radi, jina alilobandikwa na gazeti moja kabla hajarusha hata mpira mmoja wa mashindano.

Kilichomkera zaidi kilikuwa ahadi. Timu ikivuka makundi, serikali ingempa kila mchezaji ajira ya kudumu. Kombeo alikuwa kibarua. Siku wageni wasipochafua nguo, yeye alirudi nyumbani mikono mitupu.

Alizitoa jezi mfukoni moja moja mpaka akaifikia namba kumi na saba. Ilikuwa yake. Sasa ilikuwa imebanwa ubavuni kwa cherehani ili imkae vizuri Radi, na ilinukia marashi. Akaishika shingoni kwa mikono miwili.

"We, acha kuinyonga," alisema Mama Povu, mkubwa wao kwa umri. "Ikifa utailipa."

"Siinyongi. Naikamua."

"Jezi haikamuliwi shingo, mwenzangu. Huo wivu utakuua, halafu mimi nibaki na pasi peke yangu."

Wakacheka, na Kombeo naye akacheka, lakini maneno yale yalikuwa ya kweli. Alimwonea wivu Radi. Alivionea wivu hata viatu vyake, ambavyo vilishuka kusafishwa vikiwa havina vumbi. Jana yake, kwenye mechi ya kwanza, Radi alipopigwa mipira yake yote mpaka mashabiki wakaanza kumzomea, Kombeo alirudi nyumbani akala vizuri na kulala fofofo, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea tangu ule ujumbe.

Mchana Mwenyekiti alishuka ngazi za kuingia kwa dobi. Hakuna aliyewahi kumwona huko.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Kombeo alisema.

"Marahaba. Aisee, humu watu wanaishi?" Alijipepea kwa kadi ya mashindano iliyoning'inia kifuani.

"Tunafanya kazi, mzee."

"Haya. Mkono bado upo?"

Kombeo aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba hana hakika. "Upo."

"Yule mrushaji wetu mwingine bega limemtoka jana. Leo jioni utarusha wewe. Waziri anakuja, na tukifungwa ndiyo basi, tumetolewa."

Akaweka pasi pembeni. "Jina langu mmeliandikisha?"

"Majina yalishafungwa. Utaingia kama Radi. Kofia, na ile barakoa ya chuma wanayovaa warushaji. Wenzako wameshaambiwa wafunge midomo. Mwamuzi anatazama namba mgongoni, hatazami pua ya mtu."

"Sasa tukishinda, atakuwa kashinda nani?"

"Taifa," alisema Mwenyekiti. "Kwani wewe hulipendi taifa?"

"Nalipenda. Na ajira, mzee?"

"Unaona? Ndiyo maana nakupenda, huna kona kona. Nitaongea na watu."

"Lini?"

"Nimesema nitaongea, mama." Akamgeukia msimamizi aliyekuwa amekuja mbio na kusimama nyuma yake. "Huyu leo anatoka mapema. Mwandikie nusu siku, asije akakuletea maneno."

Jioni ile jezi ilimbana makwapa. Barakoa ilikuwa imeshakaa uso wa mtu mwingine na ilimkwaruza kwenye shavu. Kapteni, ambaye ndiye mdakaji, aliacha vifaa vyake, akamjia, akamgonga paji la barakoa kwa ngumi kama walivyofanya kila mechi zamani.

"Karibu nyumbani, shoga. Leo tunavuka. Wadogo zangu nimeshawaambia wakachague viatu."

Na Kombeo alirusha. Wale wapigaji waliofika wakitembea kwa maringo, wakizungusha magongo yao, waliondoka wakiangalia chini. Mpira ulipaa, ulipinda, ulizama miguuni mwao. Kila alipomtoa mpigaji, skrini kubwa juu ya uwanja ilionyesha picha ya Radi akitabasamu, meno yote nje, na watu wakapiga kelele: "Radi! Radi!"

Mwanzoni alijiambia hajali. Kufikia katikati ya mechi kila kelele ilikuwa ikimchoma. Alimtoa mpigaji bora wa wageni, mwanamke mwenye mabega kama kabati, na watoto wa shule waliojaa upande wa jua wakaruka na kuimba jina la mtu aliyekuwa hotelini muda huo, amefungiwa chumbani na pazia limeshushwa. Kombeo alitamani kuivua ile barakoa, walau aione sura yake mtu mmoja tu.

Wakafika zamu ya mwisho. Walikuwa wanaongoza kwa alama moja. Wageni walikuwa na wakimbiaji wawili kwenye besi, vile vituo vya kuzungukia ili kupata alama, na alibaki mpigaji mmoja tu wa kumtoa. Kombeo alipoinua macho akamwona Mwenyekiti jukwaani. Alikuwa amemwinamia Waziri sikioni, anamwonyesha yeye kwa kidole, kisha anajipiga kifuani, damu yangu hiyo. Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kapteni aliteremsha vidole viwili kati ya magoti. Alikuwa anataka mpira wa kuzama.

Kombeo aliugeuzageuza mpira ndani ya glavu. Akishinda, ameshinda Radi. Akishindwa, ameshindwa Radi. Kwa mara ya kwanza tangu anyang'anywe ile jezi, alikuwa na kitu cha kumfanya yule binti. Wivu ulimpanda, na hakufikiria jambo jingine lolote. Alizungusha mkono, akauachia mpira mnyoofu, wa katikati, mlaini kama wa kumfundishia mtoto.

Mpigaji hakuamini. Aliupiga, ukapita juu ya uzio, ukaangukia walikoegesha magari. Wakimbiaji wote wakazunguka wakafunga alama, na mechi ikaishia hapo.

"Radi huyo! Mtoeni! Kabebwa huyo!" Chupa za maji zikatua uwanjani. Ndani ya barakoa Kombeo alitabasamu.

Chumbani kwa wachezaji waliketi wameinamisha vichwa. Mmoja alilia uso ukiwa ndani ya glavu. Kombeo alipowaona wameketi hivyo, ndipo alipokumbuka kwamba na wao walikuwa uwanjani. Kapteni alifungua kamba za viatu taratibu, akavitia mfukoni, akasimama mbele yake.

"Angekuwa Radi, ningesema hajui," alisema. "Lakini wewe unajua."

"Shoga, mkono uli..."

"Usiniite hivyo."

Akatoka, na wengine wakamfuata.

Nyumbani, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, mama mkwe wake alikuwa amempakata mjukuu. Mechi aliitazama kwa jirani, na hasira zilikuwa bado hazijamwisha.

"Yule mtoto wa wakubwa katuumbua," alisema. "Wangekuweka wewe, mwanangu, tusingetiwa aibu namna ile."

"Ndiyo, mama," Kombeo alisema, akainamia jiko ili asionekane.

Alichokuwa amebaki nacho ni kungoja. Alitaka kusikia Radi akisemwa, akitukanwa, akirudishwa kwao na jezi ikibaki haina mtu. Kesho yake redio ya chumba cha dobi ilikuwa wazi tangu asubuhi. Taarifa ya michezo ilipofika, alizima pasi asikie vizuri. Mwenyekiti alikuwa akiongea kwa huzuni nzuri. Kipaji kipo, alisema, mmekiona wenyewe kwa mechi nzima. Kilichokosekana ni uzoefu, na kosa hilo si la binti, ni letu sote. Kwa hiyo serikali imekubali kumgharamia Radi chuo cha michezo ng'ambo, kwa miaka miwili. Kuhusu ajira za wachezaji, alisema, suala hilo sasa limekufa.

Mama Povu aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Kashindwa, anapelekwa ng'ambo! Angeshinda si wangempa kisiwa?" Akamtazama mwenzake. "We Kombeo, mbona hucheki?"

Kombeo aliwasha pasi.

Haikupita muda Mwenyekiti akamwita ngazini. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza kuliko kufokewa.

"Mkono umechoka, mama. Nilijua utachoka, umri haudanganyi. Lakini sisi hatutupi watu wetu. Mpaka binti asafiri, kila asubuhi utamfundisha hapo nyuma, kabla ya kuingia kazini."

"Kabla ya kazi, mzee? Na ile ajira yangu?"

"Mfundishe kwanza. Nitaongea na watu."

Nyuma ya hoteli palikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia mashuka. Radi alifika mapema kuliko alivyoambiwa, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, dada."

Kombeo hakuitikia.

"Juzi walinifungia chumbani nikakutazama kwenye tivii. Nilikuonea wivu, dada, Mungu ananiona. Nilisema kwa nini mimi siwezi hivyo. Wale watu walikuwa wanaliita jina langu, na mimi najua si mimi." Akajifuta pua kwa mkono. "Ule mpira wa kuzama. Nifundishe ule."

Kwenye roshani ya juu Mwenyekiti alikuwa akinywa chai, ameegemea ukingo, anawatazama.

Kombeo aliushika mkono wa binti. Ulikuwa laini, haujaungua popote. Mpira wa kuzama una njia mbili. Moja ni ndefu, inataka miezi ya kurudia mpaka vidole vizoee. Nyingine ni ya kukisokota kiwiko kwa ndani wakati wa kuuachia. Mpira unazama vizuri siku hiyo hiyo, ila kiwiko hakimalizi mwaka. Mwalimu wake wa kwanza aliwahi kumchapa kwa sababu ya njia hiyo. Akakaa ameushika ule mkono.

Kisha akakishika kiwiko na kukigeuza ndani, polepole, kwa uangalifu.

"Hivi, dada?"

"Hivyo hivyo."

Radi alirusha. Mpira ulikwenda sawa, ukafika karibu na mashuka, ukazama. Binti alipiga ukelele wa furaha, akaruka, akamkumbatia shingoni.

"Safi!" Mwenyekiti alipiga makofi kutoka juu. "Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta!"

Kombeo alijitoa kwenye ile mikono, akaenda kuuokota mpira chini ya mashuka, akaupangusa kwa gauni lake la kazi, akamrudishia.

"Tena," alisema.