Mikwaruzo ya Pelagia

Jumatatu asubuhi Hamduni, fundi viti vya magari wa mtaa wa Iringo, Musoma, aliyeyusha kandambili mbili kwenye kopo la maziwa, akachanganya na unga wa mbao, akaziba mashimo saba na mikwaruzo kumi na miwili kwenye dashibodi ya Landrova ya kubebea wagonjwa. Juu yake aligandamiza kipande cha ngozi kavu ya sangara ili plastiki ipate chapa nzuri, kisha akapaka masizi na dawa ya viatu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu biashara iachiwe huru. Madukani kulikuwa na vitenge vya kila rangi na redio za kaseti, ila dashibodi ya Landrova haikupatikana Musoma wala Mwanza. Kazi ilitoka safi mpaka mwenyewe akajisifu.

Jumanne asubuhi mikwaruzo ilikuwa palepale, minne minne, na mashimo yamefunguka. Hamduni alizilaumu kandambili, maana siku hizi hata kandambili zinatengenezwa na watu wasiomwogopa Mungu. Akaziba upya. Jumatano, palepale. Kazi yenyewe ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na Ijumaa wafadhili waliolitoa gari lile walikuwa wanakuja kulitazama.

Alhamisi, kabla hajanywa hata chai, alifungua mlango akamkuta mwanamke ameketi kiti cha mbele. Alikuwa na miguu mitupu na mimba kubwa, na kucha zake zilikuwa zimezama kwenye kiraka cha jana.

"Dada, hapo nimepaziba mara tatu," Hamduni alisema. Kwa jinsi alivyochukia, hata salamu aliisahau.

"Shikamoo, baba," yule mwanamke alisema. "Wameshamaliza kushusha dagaa?"

"Dagaa gani?"

"Wa bosi. Nyuma walijaza magunia, ndiyo wakanikalisha huku mbele. Bunda wameshusha, tukakata kona mpaka Butiama, wameshusha tena. Gari hili linasimamaga kila mahali. Uchungu ukija nashika hapa."

Aliitwa Pelagia, mtu wa Kibara, na alikuwa amefariki mwezi Machi humo humo garini, kabla halijafika hospitali ya Musoma, mtoto wake bado tumboni. Dereva Boniphace alipopita kuulizia gari alimsalimia Pelagia kwanza, kisha fundi.

"Huyo anakaaga hapo," alisema. "Hana shida na mtu. Anakwaruza tu."

"Na wewe ulikuwa unaendesha?"

"Nilikuwa naendesha, mzee. Bosi akisema simama, nitafanyaje?"

Hasira ilimpanda Hamduni, halafu ikaja hofu, na hofu ilikuwa mbaya zaidi. Binti yake Shani ameolewa Kibara, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Gari la wagonjwa kwa upande ule lilikuwa hilo moja.

Alikata mkanda kutoka kwenye kiti kibovu cha lori, akaukunja mara mbili, akaushona kwa uzi mgumu wa kamani, kisha akaufunga kwa bolti juu ya mlango wa abiria, uwe wa kushika badala ya dashibodi. Pelagia aliuvuta, akasema unafaa. Hamduni akaziba dashibodi kwa mara ya nne, akimwomba asiiguse mpaka ikauke. Ijumaa asubuhi dashibodi ilikuwa laini kabisa.

Wafadhili walikuja wanne. Waliipapasa dashibodi, wakapiga picha, wakauliza yule mwanamke ni nani. Bwana Nyamhanga, bosi wa usafiri, akawajibu kuwa ni mgonjwa. Wakaandika kwenye daftari kwamba gari linatumika ipasavyo, wakapeana mikono, wakaondoka.

Hamduni hakuweza kuvumilia tena. Alimfuata Nyamhanga pale pale mlangoni pa karakana.

"Mkuu, huyu dada alifia humu akingoja mshushe dagaa. Na binti yangu yuko Kibara, mwezi huu au ujao anajifungua. Nakuomba, siku hiyo gari lisipakie kitu. Siku hiyo moja tu."

Nyamhanga alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mwenye adabu. Kisha akaingiza mkono dirishani, akauvuta ule mkanda mara mbili kupima uimara wake.

"Fundi, hii kazi ni nzuri sana," alisema. "Sasa hata binti yako atakuwa na pa kushika."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomuuma Hamduni. Angekejeliwa angejua la kujibu. Huku ni kumpigia mbuzi gitaa, tena mbuzi mwenyewe anatikisa kichwa.

Boniphace alitandika magunia matupu thelathini juu ya kitanda cha wagonjwa, akawasha gari kwenda Kibara. Hamduni alizunguka mpaka dirisha la abiria. Alimweleza Pelagia kwamba binti yake anaitwa Shani, ni mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na tangu utotoni anaogopa gari likienda kasi.

Pelagia aliitikia kwa kichwa. Akasogea karibu na dereva, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa mkanda.