Wimbo wa Jino Lililotoka

“Mashamba mumekamata,” alisema Madame Anastasie. “Ng'ombe zenu ziko zinakula mihogo yetu. Sasa munataka na mashairi?”

Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, kana kwamba mimi ni upepo unaotaka kuingia kwa nguvu. Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri na kubeba pakiti ya sukari, kama mtu anavyokwenda kwa mwalimu wake wa zamani.

“Madame, naomba ruhusa tu ya kutia mashairi yako mu muziki. Nitaandika jina yako ku kila wimbo.”

“Jina yangu ku mulango ya bar?” Alicheka bila kuonyesha meno. “Niliandikia watoto, Ketsia. Si walevi. Si watu yenu. Enda.”

Mlango ukafungwa. Majirani wawili waliokuwa wakichambua maharage uani waliinamisha vichwa wakijifanya hawakusikia, na sukari ile nikairudisha nyumbani.

Hiyo ilikuwa Bunia, mwaka 2002, mvua za masika zikiisha. Vita vilikuwa vimekwisha kuila milima yote inayotuzunguka. Yeye alitoka katika jamaa za wakulima wa Djugu. Mimi natoka katika jamaa za wenye ng'ombe. Kaka yake alikuwa ameuawa shambani mwake si muda mrefu kabla, na mtaa mzima ulijua waliomuua ni wa upande gani. Mimi pia nilijua. Nilidhani muziki unakaa nje ya mambo hayo.

Nilikuwa napiga saksofoni ya marehemu baba yangu, Claude, aliyeipiga kwenye fanfari, bendi ya tarumbeta ya misheni, kila Jumapili na kusikiliza jazi kwenye kaseti siku nyingine zote. Kabla sijajua noti hata moja, nilikuwa nimeshajua mashairi ya Madame. Alifundisha darasa la kwanza. Vitabu vya shule vilikuja na Kifaransa cha theluji na treni. Yeye akatutungia mashairi ya kwetu, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Kulikuwa na chura mwenye koti la mvua lisilo na vifungo. Kulikuwa na mbuzi aliyekataa kwenda soko la Bule mpaka apewe viatu. Hakuna mtoto wa Bunia, wa kabila lolote, ambaye hakuyajua.

Lililopendwa kuliko yote lilikuwa la jino. Ulipewa siku jino lako la kwanza lilipong'oka. Unasimama mbele ya darasa, unalisema na pengo lako, wenzako wanakupigia makofi:

Jino yangu imetoka,
imeenda safari,
imeniachia dirisha,
upepo unaleta habari.

Makofi matatu, kisha mawili. Sikio lilipongojea kofi la sita, lilikuta matatu mengine yameshaanza. Wimbo wote ulikuwa na pengo mahali pale, kama mdomo wa mtoto.

Nilirudi nyumbani na hasira ya mtu aliyefukuzwa mbele ya majirani, na kwa hasira hiyo nikaanza kutunga. Siku hizi, huku Kisangani ninakoishi, watangazaji wa redio wakiniuliza nyimbo zile zilizaliwa na nini, hungojea niseme mapenzi ya utoto. Nawaambia zilizaliwa na ugomvi. Hucheka, wakadhani natania.

Tulikuwa watatu: mimi, Marcellin wa besi na Vital wa ngoma. Tulifanyia mazoezi katika baa moja iliyofungwa, kwa sababu wanywaji hawakuthubutu tena kutoka majumbani. Vital aligonga ukingo wa ngoma, tatu na mbili. Besi ikatembea kama mtu anayechechemea kwa makusudi. Juu yake saksofoni ikasema shairi lote bila neno hata moja, kisha ikaiacha njia, ikauliza, ikabisha, ikazomea. Katika shairi la Madame jino lilijiondokea taratibu. Katika wimbo wangu liling'olewa.

“Hii iko wimbo ya watoto ao ya kugombana?” Marcellin aliuliza.

“Yote mbili,” nikamjibu.

Mwezi wa nane mji ulibadilisha wenye nguvu. Waliouteka walikuwa wa upande wetu, au ndivyo walivyotuambia. Katika mtaa wa Madame milango ilivunjwa kwa mashoka, na watu wake wakakimbilia kusini, njia ya Gety na Aveba, wengine hawakufika. Yeye hakuonekana. Kuna waliosema masista wamemficha, kuna waliosema amekufa, na kwa jinsi walivyolitamka neno hilo ungedhani wanazungumzia mbwa.

Ndipo Rodrigue alipotutembelea. Yeye na mimi tulikalia benchi moja darasani kwa Madame. Sasa alikuwa na miwani myeusi, simu ya setilaiti, na watu wa kumwita afande. Aliingia katikati ya mazoezi, mchana kweupe, walinzi wake nyuma, akasimama kusikiliza.

“Kumbe ile ya jino!” Akapiga makofi, tatu na mbili, na kwa kitambo kidogo nikauona uso wa mtoto niliyemfahamu. Kisha ukaondoka. “Dimanche tutapitisha bakadogo ku stade, watu waone jeshi yetu. Nataka hii. Lakini unyooshe. Watembee nayo.”

“Afande, haiko yangu. Iko ya Madame.”

“Ya ule nyoka?” Alivua miwani polepole. “Kama ilikuwa yake, sasa iko yetu. Maneno nimeshatengeneza.”

Akaimba, kwa sauti nzuri, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa na sauti nzuri:

Adui yetu imetoka,
imeenda safari,
imetuachia mashamba,
risasi inaleta habari.

Walinzi wakacheka. Vital akazitazama ngoma zake. Marcellin aliuliza tu tufike saa ngapi.

Walipoondoka, Marcellin alinigeukia kabla sijasema neno. “Unyooshe, Ketsia. Noti haiko na kabila.”

“Maneno iko nayo.”

“Basi ukufe na maneno yako. Miye niko na watoto.”

Sikumpenda Madame. Nataka hilo lieleweke, maana watu husimulia kisa hiki kana kwamba nilifanya nilichofanya kwa kumpenda. Bado nilimchukia kwa kunifukuza, na nilimchukia zaidi sasa kwa kuwa lile alilonitupia usoni lilikuwa limetimia: tulikuwa tumekuja kuchukua na mashairi. Lakini nilipojaribu kuunyoosha wimbo, nne kwa nne, niliona ukigeuka kitu cha hovyo mikononi mwangu. Pengo liliziba. Ukabaki mdomo uliojaa meno, unauma.

Hata hivyo tuliunyoosha, maana tuliogopa.

Siku ya Jumapili jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi, baadhi kwa furaha, wengi kwa sababu asiyeonekana uwanjani angeulizwa kesho yake alikuwa wapi. Makadogo, watoto waliofanywa askari, wakaingia. Buti ziliwazidi miguu, na wale wafupi zaidi bunduki ziliwafikia vifundoni. Tukaanza kupiga nne kwa nne. Wakaanza kukanyaga na kuimba maneno ya Rodrigue, na vumbi jekundu likapanda mpaka magotini mwao.

Katika safu ya mbele palikuwa na msichana. Alipofungua kinywa kusema “risasi”, nikaona hana jino la mbele.

Niliondoa mdomo kwenye saksofoni. “Tatu na mbili,” nikamwambia Vital.

Alinitazama mara moja tu. Akapiga.

Mguu wa kushoto ukatua mahali pasipo na kitu. Safu ya pili ikaivaa ya kwanza, kofia zikaanguka, sajini mmoja akapiga kelele za kuhesabu, lakini hesabu yake ilikuwa ya nne na ngoma haikumtaka. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, kwa chuki yangu yote, kwa Rodrigue, kwa Madame, kwa Marcellin aliyekuwa ameshaiweka besi chini na kujitenga nasi. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Msichana yule alianza maneno ya zamani. Sidhani ulikuwa ushujaa. Kinywa cha mtoto hurudi chenyewe kinakojua. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama ovyo na bunduki zao: imeniachia dirisha, upepo unaleta habari. Pembeni mama mmoja alianza kupiga makofi, kisha akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, akauzuia.

Rodrigue hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akanivua saksofoni shingoni kama mtu anayemvua mtoto shati, akailaza mbele ya gari lake la jipu na kumpa dereva ishara. Gari likapita juu yake, likarudi nyuma, likapita tena.

“Nilimwambia, afande,” Marcellin alisema. “Mungu iko shahidi, nilimwambia.”

Nilipigwa mpaka nikasahau ni nani waliokuwa wakinipiga. Vital alipenya katikati ya watu, akatoroka siku hiyo hiyo kuelekea Beni, na tangu hapo sijawahi kumwona. Marcellin nilimwona mara nyingi. Kila akiniona alivuka barabara.

Mwaka uliofuata mji ulitekwa tena, na tena. Nyumba yetu ikaungua. Nilikimbilia kambi iliyozuka karibu na uwanja wa ndege, na wanajeshi Wazungu walipofika mwezi wa sita nilikuwa bado nipo, chini ya turubai, pamoja na maelfu. Watu wa pande zote waliishi pale, na ukiwauliza, wote walijidai wametoka Beni, mahali pasipo pa upande wowote.

Nikichota maji asubuhi moja nilisikia watoto wakimsema chura na koti lake. Nikaifuata sauti. Madame Anastasie alikuwa amekaa juu ya bidoni, dumu tupu la maji, kafimbo mkononi, mwembamba hata kitambaa cha kichwa kilimzidi uzito. Mbele yake watoto walikuwa wameketi kwenye udongo.

“Mutoto ya Claude,” alisema. Hakunikaribisha.

“Madame.”

“Waliniambia ulicheza ile ya jino ku stade. Mbele yao.”

“Ndiyo.”

“Sikukupatia ruhusa.”

“Hapana, Madame.”

“Na saksofoni ya baba yako?”

“Waliponda na jipu.”

“Vizuri,” alisema.

Mpaka leo sijui alimaanisha nini kwa neno lile. Nilijitwika ndoo yangu niondoke, machozi ya hasira yakinichoma macho.

“Unaenda wapi? Imba. Nisikie ile uliwafanyia.”

Nikaitua ndoo. Sikuwa na chombo, nikautumia mdomo wangu, nikaufuata wimbo kama nilivyoutunga, na mizunguko yake yote, na kuzomea kwake. Watoto wakaanza makofi bila kuambiwa. Nilipofika mstari wa mwisho Madame alichapa bidoni kwa kafimbo.

“Unakimbiza. Upepo haikimbie pale. Mutu mwenye kuleta habari mubaya anatembea pole.”

“Iko habari mubaya?” nikauliza. Utoto wangu wote nilidhani ni nzuri.

Aliwatazama watoto, mmoja baada ya mwingine.

“Anza tena,” akasema.

Nikaanza tena, nikiwa nimesimama mbele ya wote kama mtu wa darasa la kwanza, kwa kuwa hakuniambia nikae.