Ukungu wa Qiu Yanshou

Kwa miaka thelathini, kila asubuhi, mchoraji Qiu Yanshou aliketi barazani akiutazama mlima Huang mpaka chai ikapoa, ndipo akaingia ndani kuchora. Kipupwe kile alichora kidogo mno: misonobari miwili juu ya jabali, na chini yake karatasi tupu.

Rafiki yake Pang Zimo alipokuja kumtembelea, aliikunjua picha ile akapiga ukelele.

"Ee bwana wee! Ukungu gani huu! Tangu ujana nakwambia uache kujaza karatasi, leo ndiyo umesikia!"

"Keti kwanza, Zimo."

"Siketi! Bonde zima umelifunika bila tone la wino!"

"Si ukungu," alisema Yanshou. "Hapo ndipo macho yangu yalipokomea."

Zimo akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamwona mwenzake akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, na kicheko kikamkauka.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Hiyo misonobari nimeikisia tu."

"Lakini mlima unaukumbuka. Miaka thelathini, ndugu yangu!"

"Nami nilidhani hivyo. Nikiuwaza, zinanijia picha zangu tu. Mlima wenyewe umenitoka."

 Zimo alimtia kikombe mkononi. Yanshou akanywa, kisha akageuza uso autazame mlima kama desturi yake, akakosea upande. Zimo hakuwa na moyo wa kumwambia.