Shamba la Kwenye Karatasi

Walimu wenzake walimwita Mchungaji, kwa sababu kila asubuhi aliwatoa watoto kumi na mmoja akaenda nao nyuma ya vyoo vya shule, wakarudi saa nne na tope hadi magotini. Ofisini walimuuliza kama leo malisho yalikuwa mazuri. Alicheka nao, akanywa chai yake. Watoto hao walikuwa wamerudia darasa mara mbili, na hakuna mwingine aliyewataka.

Mkuu wa shule alimpa muhula mmoja. Alimwambia bila kuzungukazunguka kwamba wakishindwa mtihani wa hesabu, darasa la nje linafungwa na watoto wanarudishwa nyumbani. Shule haiwezi kuwabeba tena.

Basi akafundisha kama mtu anayezima moto. Kugawanya walijifunza kwa mbegu za maharage. Mzingo walijifunza kwa miguu: unaizunguka bustani ya mboga kona hadi kona, unahesabu hatua, unajumlisha. Hata Konokono, msichana aliyebandikwa jina hilo na kaka zake kwa kuchelewa kujibu kila kitu, wiki ya sita alitoa jibu kabla ya wenzake. Siku hiyo mwalimu alijifuta macho kwa mkono wenye udongo.

Kosa lake lilikuwa moja. Hakuwahi kuwaketisha ndani, hata siku moja.

Siku ya mtihani msimamizi kutoka shule nyingine aliwaingiza katika chumba kinachotazama bustani. Mwalimu hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo akainama bustanini, mbele ya dirisha, akijifanya anang'oa magugu. Maswali matatu ya mwanzo yalikwenda vizuri. Aliona kalamu zikikimbia. Halafu zikasimama zote kwa pamoja.

Swali la nne lilisema shamba lina urefu wa mita ishirini na nne na upana wa mita tisa, tafuta mzingo wake. Maswali sita yaliyofuata yalihusu shamba hilohilo.

Konokono akanyoosha mkono. "Mwalimu, shamba lenyewe liko wapi?"

Msimamizi akamwambia liko hapo kwenye karatasi.

"Sasa kwenye karatasi tutalizungukaje?"

Hakuna aliyecheka. Kule nje mwalimu alisikia kila neno. Watoto hawakuwa wajinga. Hawakujua tu kwamba shamba linaweza kuwepo bila udongo, na yeye ndiye hakuwaambia. Akili ilimwambia aondoke. Kisha akamwona Konokono akilaza kichwa kwenye dawati, na wa pili, na wa tatu.

Akatupa magugu. Akaenda kwenye kona ya bustani, akaanza kutembea. Upande mrefu, akasimama. Upande mfupi, akasimama.

Kichwa kimoja kikainuka, kisha vyote. Konokono akaweka vidole viwili juu ya karatasi, akaanza kuvitembeza taratibu kama miguu ya mtu, midomo ikihesabu.

Msimamizi akaja dirishani.

"Mama, unawafundisha wakati wa mtihani?"

Angeweza kusema anapalilia, lakini mikono ilikuwa mitupu.

"Ndiyo. Hili moja nililisahau. Niandike mimi, hao waache."

"Sheria haisemi hivyo, mama yangu."

Alizikusanya karatasi zote kumi na moja. Ili kuipata ya Konokono ilimlazimu kwanza aviinue vidole vya mtoto, maana vilikuwa vimefika kona ya tatu.

Watoto walitoka wakajipanga mbele ya mwalimu wao kama kila siku, wakingoja kuambiwa la kufanya. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba mtihani wao umefutwa. Ng'ambo ya uwanja mkuu wa shule alikuwa tayari anakuja na msimamizi, karatasi kwapani.

"Zungukeni bustani," mwalimu akasema. "Safari hii mkimaliza mnaichora chini kwa kijiti, mnazunguka mchoro kwa vidole."

"Tuanzie kona ipi?" akauliza Konokono.

"Yoyote, mwanangu. Fanyeni haraka."